Laki mbili na nusu, kilomita 24 kwa siku: Usimnunulie mtoto baiskeli ya shule kabla ya kumpima

Mpanda. Wiki ya tatu baada ya kununuliwa baiskeli mpya, binti wa kidato cha pili alirudia kwenda shule kwa miguu. Mama yake, mkulima wa mpunga upande wa Mwamkulu, alidhani ni uvivu au ni mambo ya rika. Laki mbili na nusu zilizotokana na magunia ya mpunga zimeegemea ukuta, zimefunikwa kanga kuukuu zisishikwe na vumbi, na mtoto anaondoka saa 10 na nusu alfajiri, giza bado halijapasuka.

Siku alipobanwa, jibu lilitoka taratibu. "Mama, magoti yanawaka kwa nyuma. Na huku ninapokalia pamechubuka."

Baiskeli haikuwa mbovu. Ilikuwa ya chuma kizito, mpya, yenye keria ya kubebea gunia na kengele inayosikika mbali. Tatizo lake ni moja tu, nalo lilikuwapo tangu dukani: ilikuwa kubwa kuliko mwenye kuiendesha. Muuzaji alisema maneno ambayo wazazi wengi wa Katavi wameshayasikia, na wengine kuyasema wenyewe wakinunua sare na viatu: "Chukua hii mama, mtoto anakua. Utanunua ngapi?"

Kiatu kikubwa hujazwa karatasi mbele. Baiskeli kubwa haijazwi kitu. Binti alishushiwa kiti hadi mwisho, lakini pedeli ikifika chini bado aliigusa kwa ncha za vidole. Kila mzunguko nyonga zake zilizama upande mmoja kisha mwingine, na ngozi ikasuguana na kiti mara elfu kadhaa kabla hajafika kwenye lami. Kisha jioni akarudia yote hayo.

Mkoani hapa baiskeli si mchezo wa watoto. Inabeba mpunga, mkaa, maji, mgonjwa na mama mjamzito. Kwa wanafunzi wa sekondari wanaotoka kata za pembeni au vijiji vya mbali kama vile vya Katumba na Mishamo, baiskeli ndiyo inayoamua kama mtoto atafika kipindi cha kwanza akiwa macho au akiwa amekwisha. Kilomita 12 kwa miguu ni saa mbili na nusu. Kwa baiskeli inayomfaa, hata kwenye njia ya vumbi, ni kama saa moja.

Tofauti hiyo imewahi kupimwa kwingine. Jimbo la Bihar, India, lilianza mwaka 2006 kuwapa wasichana wa sekondari fedha za kununulia baiskeli, na watafiti waliofuatilia walikuta uandikishaji wa wasichana umepanda kwa takriban asilimia 32. Jirani zetu wa Zambia, wasichana wa vijijini waliopewa baiskeli walipunguza utoro kwa takriban asilimia 28 wakilinganishwa na wasiopewa. Zambia walipewa baiskeli moja imara iliyotengenezwa kwa njia za vijijini, pamoja na mafundi waliofunzwa kuitengeneza. Mzazi wa Mpanda anasimama dukani peke yake na fedha ya msimu mzima, na akikosea ni mpaka mavuno yajayo.

Wanaokaa kwenye kiti saa sita

Kuna watu duniani ambao kazi yao ni kukaa kwenye baiskeli muda mrefu bila kuumia, na wana la kumfundisha mzazi huyu. Mashindano ya Ironman, yaliyoanzia Hawaii, Marekani, mwaka 1978, humtaka mshiriki aogelee kilomita 3.8, aendeshe baiskeli kilomita 180, kisha akimbie kilomita 42.2, yote kwa siku moja. Wengi hukaa kwenye kiti saa tano, sita, hata zaidi. Baiskeli zao zinaweza kugharimu bei ya gari.

Lakini waliozoea mbio hizo humwambia anayeanza jambo lisilotarajiwa: asikimbilie baiskeli ya gharama. Wengi huanza na baiskeli ya kawaida ya barabarani, iliyotumika, wakaifungia vyuma vya kuegemeza viwiko, na fedha iliyobaki wakamlipa mtu wa kuwapimia kiti na usukani. Baiskeli nyepesi isiyomtosha mwendeshaji humfikisha kilomita ya 60 kwa kasi, kisha mgongo na magoti humshusha. Ya bei ndogo inayomkaa vizuri humfikisha mwisho, na bado ana miguu ya kukimbilia.

Sasa rudi kwa binti wa Mwamkulu. Kilomita 12 kwenda na 12 kurudi ni 24 kwa siku, 120 kwa juma. Kila siku saba na nusu za shule anatimiza zile kilomita 180 za Hawaii, akiwa na sketi, begi la madaftari na bila gari la msaada nyuma yake. Huyu ni mwendeshaji wa masafa marefu, ila tu hakuna anayempigia makofi barabarani.

Afrika Mashariki tumeshaona baiskeli inavyoweza kumpeleka mtu mbali. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi na kufundwa na David Kinjah wa Kikuyu, alishinda Tour de France mara nne kuanzia mwaka 2013, na Septemba 2025 Kigali ilikuwa mji wa kwanza barani Afrika kuandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani. Hata hivyo, wazazi wengi wa Mpanda hawatafuti bingwa. Wanatafuta mtoto atakayefika shule na kurudi mzima.

Mpime mtoto, halafu upime baiskeli

Kosa la kwanza hufanyika kabla ya kutoka nyumbani: mzazi anakwenda dukani bila mtoto. Baiskeli hainunuliwi kwa kukadiria kwa mkono, "ana urefu kama huu." Mtoto awepo, avae viatu anavyovaa shuleni, na apande.

Kipimo cha kwanza ni cha kusimama. Mtoto aipite baiskeli miguu huku na huku, nyayo zote mbili zikiwa chini. Kama fremu ina bomba la juu, kati ya bomba hilo na mwili wake kuwe na nafasi ya walau vidole vitatu. Akilazimika kuinamisha baiskeli upande ili asimame, hiyo si yake, hata kama mwuzaji anapunguza bei.

Hapo ndipo baiskeli nyingi za matairi ya inchi 28 hukwama. Phoenix za Shanghai, Hero na Avon za Ludhiana kule India ni majina yaliyojenga heshima yake katika nchi hii kwa haki kabisa. Chuma chake kinavumilia na vipuri vyake havitafutwi kwa tochi. Lakini ile ya kiume yenye bomba la juu ilikusudiwa mtu mzima mwenye mzigo. Mtoto wa miaka 12 huiendesha kwa kupitisha mguu katikati ya fremu, mwili umepinda kama upinde, na sote tumecheka tukimwona. Kwa kwenda kisimani na kurudi si neno. Kwa kilomita 24 kila siku, goti na kiuno hubeba pembe ambazo havikuumbiwa.

Mtoto wa kidato cha kwanza au cha pili mara nyingi hukaa vizuri zaidi kwenye baiskeli ya inchi 26, au hata 24 kwa mfupi, yenye fremu iliyoshuka katikati. Tunaiita ya kike, na jina hilo limewanyima wavulana wengi wadogo baiskeli iliyowafaa. Ukweli ni kwamba fremu hiyo humfaa yeyote anayepanda na mzigo nyuma, kwa sababu harushi mguu juu ya keria. Na kwa mwenye sketi haina mjadala. Hakikisha tu mnyororo una kava, maana sketi ikimezwa na mnyororo mteremkoni, anayeumia ni mtoto.

Kipimo cha pili ni cha kiti, na hiki hakina gharama zaidi ya spana. Mtoto akae, mtu mwingine aishike baiskeli isianguke. Pedeli moja iwe chini kabisa, aweke kisigino juu yake. Mguu unatakiwa unyooke kabisa bila nyonga kuinama upande. Baadaye akiendesha kwa sehemu pana ya mbele ya wayo, kama inavyopaswa, goti litabaki limekunjika kidogo tu. Hicho ndicho kimo chake.

Wanaopenda hesabu wana njia ya waendesha baiskeli wa mbio. Mtoto asimame peku, mgongo ukutani, apandishe daftari gumu katikati ya miguu hadi liguse mwili. Pima kutoka sakafuni hadi juu ya daftari, zidisha kwa 0.88. Mguu wa sentimita 74 unatoa takriban 65, na huo ndio umbali hadi juu ya kiti kutoka katikati ya ekseli inayobeba mikono ya pedeli, pale mabomba ya fremu yanapokutana. Mlingoti wa kiti una alama inayoonyesha mwisho wa kuuvuta juu. Ikivukwa, mlingoti unaweza kuchomoka au kuvunjika.

Kiti kikiwa chini mno, goti huuma kwa mbele, kuzunguka kile kifuniko chake. Kikiwa juu mno, huuma kwa nyuma, nyonga hucheza na ngozi huchubuka. Kwa hiyo binti alipomwambia mama yake magoti yanawaka kwa nyuma, alikuwa ameshasema ugonjwa wa baiskeli yake.

Anayekua hukipita kiti chake haraka. Kila mwanzo wa muhula rudia kipimo cha kisigino. Wengi hukifunga siku ya kununua na hakiguswi tena hadi kidato cha nne.

Usukani nao una neno lake. Mtoto anayejinyoosha kuufikia huishia na maumivu ya shingo, kiuno na ganzi ya vidole, hasa kidole kidogo na jirani yake, kwa kuwa mshipa wa fahamu unaopita ukingoni mwa kiganja unabanwa. Viwiko viwe vimelegea kidogo. Wa mbio huinama ili kuukwepa upepo, lakini mtoto wa shule anahitaji kukaa wima na kuona mashimo na pikipiki zinazokuja.

Kwa nini kiti kigumu si adui

Wazazi wenye huruma hununua kiti kipana, chenye sponji nene na springi. Kwa dakika kumi dukani ni raha tupu. Baada ya saa moja sponji imebonyea, mapaja yanasuguana na ubavu wa kiti, na joto la Oktoba Mpanda linajulikana. Kinachobeba mwili kwenye kiti ni mifupa miwili ya makalio. Kiti kinatakiwa kiipokee mifupa hiyo na kuacha sehemu laini za mbele zipumue. Wasichana wakishavunja ungo nyonga hutanuka, hivyo huhitaji kiti kipana kidogo nyuma kuliko wavulana, ila pua yake iwe nyembamba. Kiwe sambamba na ardhi. Pua ikielekea juu huleta ganzi sehemu za siri, kwa wavulana pia, nao hawasemi.

Ganzi hiyo si ya kuvumilia. Anyanyuke kwenye kiti kila baada ya dakika kumi hivi, na kiti kirekebishwe. Kwa michubuko, nguo ya ndani isiyo na mshono mnene katikati, au taiti chini ya sketi, husaidia kuliko mafuta ya aina yoyote. Aoge, ajikaushe, avae kavu. Siku za hedhi, pedi husogea na kusugua. Mzazi amwekee ya akiba kwenye begi, na asishangae akitaka kutoka mapema zaidi siku hizo.

Lipo swali ambalo wazazi huuliza kwa sauti ya chini, na huenda ndilo linalowaacha wasichana wengi wakitembea huku kaka zao wakipanda: je, baiskeli haitamwondolea binti ubikira wake? Ubikira maana yake ni kutowahi kujamiiana, na hakuna baiskeli inayojamiiana na mtu. Kile kiwambo ukeni hutofautiana kwa kila msichana tangu kuzaliwa, hutanuka au kuchanika kwa michezo, ajali au bila sababu inayojulikana, na hali yake haithibitishi lolote. Shirika la Afya Duniani pamoja na mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa walitamka mwaka 2018 kwamba vipimo vya ubikira havina msingi wa kisayansi. Kutembea peke yako gizani saa 10 na nusu alfajiri ndiko kuna hatari.

Mtumba au mpya

Kwa bajeti ndogo, mtumba mzuri wa kimo sahihi unaishinda mpya isiyo ya kimo. Lakini mtumba hukaguliwa, na usione haya kumwomba mwuzaji aigeuze miguu juu. Zungusha gurudumu: ringi inayoyumba kama mlevi ina spoku zilizolegea au imepinda. Shika tairi ulisukume kushoto na kulia. Likicheza, gololi zimekwisha au ekseli imelegea. Pitisha kidole kwenye maungio ya fremu, hasa chini ya usukani na pale mabomba yanapokutana kwenye pedeli. Rangi mpya sehemu moja tu ya fremu iulizwe inaficha nini. Giya nyingi kwenye baiskeli ya bei ndogo ni vyuma vingi vya kuharibika. Kwa njia za tambarare giya moja inatosha, na fundi wa kijijini anaijua.

Breki zijaribiwe zikiwa na maji. Ringi za chuma zinazong'aa hushika vibaya sana zikilowa, na kuanzia Novemba njia za Katavi ni tope. Mtoto afundishwe kuanza kubana mapema na kubana zote mbili. Tairi pana kidogo humfaa kuliko jembamba: mchangani halizami sana, na hupunguza mtikisiko unaopanda hadi kiunoni.

Kama mfukoni kuna laki mbili na nusu, usiingie dukani na nia ya kuzimaliza zote. Bakiza elfu arobaini au hamsini kwa mambo ambayo hayaonekani kwenye baiskeli iliyopambwa nailoni: pampu, tyubu ya akiba, viraka, kufuli, taa au angalau viakisi mwanga vya nyuma, grisi. Kofia ngumu ikipatikana ya kumtosha, iwe ya kwanza kwenye orodha, kwa kuwa kichwa hakina kiraka. Andika namba ya fremu na utunze risiti.

Begi lifungwe kwenye keria badala ya kuning'inia mgongoni. Keria hiyo hiyo ikibeba mdogo wake wa darasa la pili, awekewe pa kuweka miguu mbali na spoku. Kisigino cha mtoto kikiingia kwenye gurudumu, jeraha lake ni baya na hupona polepole. Chupa ya maji, na uji kabla ya kuondoka. Anayeendesha saa moja tumbo tupu atasinzia kipindi cha hisabati, na mwalimu atamwita mvivu.

Yapo maumivu ambayo si ya spana. Goti lililovimba, linalouma usiku au hata wiki ambayo hakupanda baiskeli, au mtoto anayechechemea, apelekwe kituo cha afya. Wapo pia wa umri wa miaka 10 hadi 15 wanaopata uvimbe wenye maumivu kwenye kifupa kilicho chini kidogo ya goti, kwa sababu ya kukua na kutumia miguu sana. Kwa kawaida hutulia kwa kupunguza mwendo, lakini mtaalamu aone kwanza.

Kilichotokea kwa binti wa Mwamkulu hakikuhitaji daktari. Mama yake alimpeleka kwa fundi mmoja mzee anayekaa chini ya mwembe pembeni mwa soko.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Hebu panda nikuone." Akamtazama mizunguko miwili tu. "Shuka. Mama, hii ni ya nani? Ya baba yake?"

Ikawa kweli ya mtu mzima. Mjomba wa binti, mrefu na mbeba mkaa, aliichukua kwa bei iliyopunguzwa kidogo, akalipa nusu taslimu na nusu baada ya wiki mbili, baada ya kukumbushwa. Fundi akapata mtumba wa inchi 26, fremu iliyoshuka katikati, rangi ya buluu iliyofifia, akabadilisha gololi za mbele, akafunga kava ya mnyororo iliyotoka kwenye baiskeli nyingine. Kiti alikipandisha mara tatu hadi kisigino kilipokaa.

Binti hakuipenda rangi yake. Alisema hivyo waziwazi, na mama akamwambia ataipaka Juni. Siku hizi anatoka nyumbani saa 12 kasoro robo, ameshakunywa uji, na mlingoti wa kiti umechorwa mstari mwembamba kwa msumari, tarehe ikiwa imeandikwa pembeni. Fundi alimwambia mama yake arudi naye mstari huo utakapokuwa wa zamani.